Ushauri: kuvika ukuta mbao, niunge kwa ulimi, chango au skrubu?

Mtu wa Mkomani:
Asalaam aleikum wanajamvi. Nyumba yetu ni ya mawe, Mkomani, Lamu. Ukuta mmoja wa sebule chokaa haikai, kila masika chumvi inatoka na kubambua kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Nataka kuuvika mbao mwenyewe, mita sita: fremu, na ndani yake paneli, yaani vipande vya mbao vya kujazia. Ninayo mbao ngumu ya mbambakofi, inchi sita kwa moja, ikisharandwa unene umebaki milimita 20.

Mwaka jana nilijaribu chumba cha watoto. Paneli nilizitia gundi pande zote nne na misumari juu yake. Kaskazi ilipokausha hewa, mbili zikapasuka juu hadi chini. Iliniuma, maana mbao ile niliidunduliza miezi. Safari hii niunge vipi: kwa ulimi wa ubao mmoja unaoingia tundu la mwenzake, kwa chango, yaani vijiti vya mti, au kwa skrubu? Nina randa, patasi, msumeno wa mkono na drili, na rauta, mashine ya kuchimba mifereji, nitaazima.

Seremala wa Langoni:
Waaleikum salaam mwanangu. Zilizopasuka hazikupasuliwa na kiungo, zimepasuliwa na gundi. Ubao kwa urefu hausogei kiasi cha kuonekana. Upana ndio unaovimba wakati wa unyevu na kunywea ukikauka, na ukiubana pande zote utajipasua.

Kwenye fremu chimba mfereji wa upana wa milimita 6, kina 10. Kingo za paneli zipunguze unene zienee humo, iingie 7, zibaki 3 za kuvimbia kila upande, na gundi usitie hata tone. Ipake mafuta kabla ya kuiingiza, kingo pia, la sivyo ikinywea utaona mstari mweupe pembeni.

Fremu yenyewe unga kwa ulimi na tundu. Unene wa ulimi ni theluthi ya ubao, kwako milimita 6, sawasawa na mfereji. Urefu usipungue 30. Hapo gundi tia, kisha toboa upigilie chango ya mti mgumu.

Kijana wa Shela:
Ami, kwa heshima yako, ulimi ni wa mlango, unaofunguliwa na kufungwa kila siku. Hii imeshikwa na ukuta, haibebi kitu. Mita sita ni ndimi nyingi mno kwa mtu wa patasi. Chango za milimita 8, mbili kila kona, zinatosha. Atengeneze kigezo cha kipande cha mti ili matundu yalingane, na atoboe kupita kina cha mfereji.

Bint Mkomani:
Skrubu za chuma cha kawaida kaka usithubutu. Kwetu zilishika kutu kwa hewa ya bahari, michirizi ya kahawia ikatoka nje ya rangi. Tafuta za shaba au chuma kisichoshika kutu.

Tena, ukuta wa mawe na chokaa lazima upumue. Ukiulaza ubao juu yake, nyuma kutaoza na mchwa watakuja. Weka vipande vya kusimama vya unene wa inchi moja, vilivyopakwa dawa ya mchwa, uache upenyo chini na juu hewa ipande. Saruji usipake kabisa, itafungia maji ndani. Kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta huo? Kama zipo, nakuomba usizifunike.

Mtu wa Mkomani:
Zidaka ziko ukuta wa pili, sitaugusa. Shukran nyote. Nimeona hivi: kona nne za nje niunge kwa ulimi, za katikati kwa chango. Nitaanza na paneli mbili nyuma ya mlango nizitazame mpaka kusi iishe.

Seremala wa Langoni:
Sawa, hata huyo kijana wa Shela kanena. Ila sasa ni kaskazi, mbao imenywea, kwa hiyo zile milimita 3 usizipunguze. Tundu la milimita 6 lataka patasi ya milimita 6. Yangu ipo, pita baada ya alasiri uichukue.