Naomba ushauri: nimjibu nini mdogo wangu kuhusu haki ya Mungu?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu amefiwa na mwanawe aliyezama ziwani. Familia yetu ni mchanganyiko, baba Mwislamu, mama Mkatoliki. Yeye alifuata dini ya mama. Matanga yameisha ila bado anauliza, mtoto yule alikosa nini?

Baba mdogo, ambaye ni maalimu, alimweleza Al-Baqara 2:155, kwamba Mungu huwajaribu watu kwa hofu, njaa na kupotelewa na mali na nafsi. Katekista akamsomea Yohana 9, Yesu anapokataa kuwa upofu wa yule mtu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Hapo alitulia kidogo, maana kuna jirani (Mungu amsamehe) aliyemwambia ni adhabu. Kisha akaniuliza: kama ni mtihani wangu, kwa nini alipie mtoto? Nikakwama.

Nimesoma kwamba Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu wa kale, walishikilia kuwa haki ya Mungu inalazimu mtoto aliyeteseka afidiwe Akhera, huku Waashari, kundi jingine la wanazuoni wa Kiislamu, wakikataa kumwekea Mungu sharti lolote. Augustino, mwalimu wa Kanisa wa kale, anaueleza uovu kuwa ni upungufu wa wema. Hoja nzito, lakini siwezi kumpelekea mama aliyefiwa.

Naomba kujua: mafundisho ya Kikatoliki yanasema nini hasa juu ya mateso ya mtoto asiye na kosa? Na je, nimpe hoja sasa, au nisome naye Ayubu, ambaye dini zote mbili zinamheshimu, na nimwache alalamike kwanza?