Kampuni changa za intaneti katika eneo la viwanda vya zamani: nini kitangulie?

Ofisa Mipango (mleta mada)

Habari za kazi, wadau. Niko katika ofisi ya maendeleo ya uchumi ya eneo ambalo kwa vizazi kadhaa limeishi kwa viwanda vya chuma, nguo, vifungashio na vipuri vya mashine. Tumetengewa fedha kiasi za kuzisaidia kampuni changa za intaneti, na pendekezo lililo mezani ni kukarabati ghala lililokaa tupu kwa muda mrefu, kuweka madawati na intaneti ya kasi, kisha kuwakaribisha vijana wakae humo mwaka mzima bila kulipa kodi ya pango. Mimi ndiye niliyeagizwa kuliandikia maelezo pendekezo hilo, na kadiri ninavyoliandika ndivyo shaka inavyozidi kuniingia. Vijana wenye ujuzi tunao, lakini anayepata mafanikio kidogo tu hufungasha na kuhamia jiji kubwa. Wenye viwanda huyaona mambo haya kuwa mchezo wa watoto. Na benki huuliza mashine iko wapi. Ikiwa fedha zinatosha kufanya jambo moja vizuri, je, ni lipi? Naomba kuwasilisha.

Msimamizi wa Zamu (mstaafu)

Ndugu mleta mada, shaka yako ina msingi. Nimesimamia zamu katika karakana ya mashine za kukereza kwa miaka mingi, nami niliwahi kupokea vijana wawili waliokuja na programu ya kurekodi muda ambao mashine zinasimama. Kabla yao tulikuwa na daftari. Mwendeshaji aliandika mwisho wa zamu, kwa kukumbuka, na katika safu ya sababu karibu kila mstari ulisomeka "marekebisho", kwa kuwa ndilo neno lisilomletea mtu maswali.

Wiki ya kwanza vijana wale walitundika kishikwambi kando ya kila mashine, na hakuna aliyekigusa, kwani glavu zilizolowa mafuta hazifanyi kazi kwenye kioo cha namna ile. Hawakubishana na mtu. Walisimama pale zamu mbili wakitazama, wakaondoka, wakarudi na kisanduku chenye vitufe vitatu vikubwa vya kubonyeza kwa kiganja. Haukupita muda mrefu tukagundua kwamba sababu kubwa ya mashine kusimama haikuwa marekebisho hata kidogo, bali mwendeshaji kuisubiri foklifti imletee malighafi. Somo hilo wasingalilipata wakiwa ndani ya ghala lenye madawati mazuri.

Kilichowashinda hatimaye kilikuwa idara ya ununuzi. Fomu ya mzabuni ilidai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na kampuni yao ilikuwa na umri wa miezi minane. Walipopitishwa kwa njia ya mzunguko, ankara yao ikalipwa baada ya siku 90 kama ya mwuza vyuma yeyote, na wakati huo mmoja wao alikuwa ameshatafuta ajira kwingine. Kwa hiyo jibu langu ni hili: viombeni viwanda vikubali ununuzi mdogo wa majaribio wenye masharti mepesi, na fedha zenu zitumike kumlipa kijana mara kazi inapopokelewa, kisha ofisi yenu ndiyo ikidai kiwandani.

Mwanzilishi

Namuunga mkono mzee wetu, na ningependa kuongeza mfano mkubwa zaidi. Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ilianzishwa mwaka 1999 katika jiji la Hangzhou, mkoa wa Zhejiang nchini China, mkoa uliojaa viwanda vidogo visivyohesabika. Viwanda hivyo vilijua kuzalisha, lakini mnunuzi wa ng'ambo hakujua kwamba vipo, na hata alipovijua hakuwa na sababu ya kuviamini. Biashara ya kwanza ya kampuni ile ilikuwa kuviorodhesha viwanda hivyo mahali ambapo mnunuzi angeviona, na baadaye ikaongeza huduma ya kuthibitisha kwamba muuzaji kweli ni yule anayedai kuwa. Shida ya kiwanda ndiyo iliyokuwa malighafi yake.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wenye viwanda lisiwe "mnaionaje intaneti?", maana jibu lake tunalijua. Waulizeni ni kazi gani ya makaratasi inayowachelewesha kila wiki: kutoa bei ya kipuri kisicho cha kawaida, kufuatilia shehena, kutafuta cheti cha ubora cha bidhaa iliyouzwa miaka miwili iliyopita.

Mkopeshaji

Wadau wenzangu mnasema kweli, ila mnaipita benki kwa haraka mno. Mimi nimekaa upande ule wa meza. Kiwanda kikiomba mkopo huweka dhamana ya mtambo ambao, mambo yakiharibika, nitaukuta mahali pake na kuuza. Kampuni ya programu ina kompyuta chache na watu, na watu hutembea. Kuilaumu benki kwa woga hakusaidii, kwa sababu mkopo si chombo kinachofaa hapa. Kinachofaa ni mtaji wa hisa, yaani fedha ambazo mwekezaji huzitoa ili apewe sehemu ya umiliki wa kampuni, na katika maeneo ya viwanda fedha za namna hiyo ni adimu, kwani matajiri wake wamezoea kuwekeza katika majengo na mashine.

Israeli ilikabili jambo hili mwaka 1993 kupitia mpango ulioitwa Yozma. Serikali ilitenga dola milioni 100, ikaingia kama mbia katika mifuko ya wawekezaji binafsi, na ikawapa haki ya kuinunua sehemu yake baadaye kwa masharti nafuu, hivi kwamba faida iliyopatikana ilibaki zaidi kwa waliothubutu. Nautaja kwa tahadhari: nchi ile tayari ilikuwa na wahandisi wengi, wakiwemo waliohamia kutoka iliyokuwa Umoja wa Kisovyeti. Mfuko bila wahandisi ungekuwa tanuri bila makaa.

Mhadhiri

Naomba kutofautiana kidogo. Mkisisitiza kwamba kila kampuni changa ihudumie viwanda, mtawafukuza wenye mawazo mengine. Pittsburgh, jiji la chuma la Marekani ambalo viwanda vyake vilianguka katika miaka ya 1980, lina Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1994 mtambo wa kutafutia habari kwenye intaneti wa Lycos ulizaliwa chuoni humo, lakini kampuni iliyotokana nao ikaweka makao yake Massachusetts. Mwaka 2011 Duolingo, kampuni ya programu ya kufundishia lugha, ilianzishwa na profesa wa chuo hichohicho na mwanafunzi wake, na hii imebaki Pittsburgh hadi kuingia soko la hisa mwaka 2021. Kufundisha lugha hakuhusiani na chuma hata chembe.

Wala msilidharau jengo. Dortmund, mji wa makaa na chuma nchini Ujerumani, ulifungua kituo cha teknolojia mwaka 1985, lakini kando kabisa ya chuo kikuu, ambako mtafiti angeweza kwenda kwa miguu. Je, ghala lenu liko karibu na nini?

Ofisa Mipango (mleta mada)

Nawashukuru sana. Ghala letu, Mhadhiri, liko karibu na reli isiyotumika, na swali lako limenifanya nicheke peke yangu ofisini. Nitaandika kwamba ukarabati usubiri, na fedha za mwaka wa kwanza ziende kwenye ununuzi wa majaribio kwa utaratibu alioueleza Msimamizi wa Zamu. Shauri la mfuko wa hisa nitalipeleka kwa wakubwa wangu kama hoja ya mwaka wa pili, kwa kuwa linahitaji wabia ambao bado hatujawatafuta.

Naomba nimrudie mzee kwa jambo moja. Kiwandani kwenu, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuipitisha kampuni ile bila zile hesabu za miaka mitatu?

Msimamizi wa Zamu (mstaafu)

Meneja wa fedha, ndugu yangu, wala si meneja wa uzalishaji. Anza na huyo, na umpelekee hesabu ya saa ambazo mashine zilisimama.