Nimeuziwa printa "mpya" yenye katriji za kujazwa kwa sindano, imepata moto hadi kunuka, na fundi wao anataka 90,000 za "hedi"

Wakuu salaam. Nina hasira na sitaificha.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni, nafundishia nyumbani watoto wa darasa la saba. Mwezi wa pili nilijibana nikanunua printa ndogo ya wino, ile ya katriji mbili, nyeusi na ya rangi. Muuzaji alinichangamkia kupita kiasi: "Mwalimu, ngoja nikufungie katriji kabisa, ukifika nyumbani ni kuchomeka tu." Akaingia nayo chumba cha nyuma, akatoka nayo, akatoa ukurasa mmoja wa majaribio. Nikalipa, nikamshukuru, nikaondoka.

Wiki ya tatu natoa mtihani wa Sayansi, kurasa nne, watoto 32. Hata nakala ya tano sijamaliza, maandishi yanafifia katikati ya ukurasa, printa inasimama yenyewe, inatulia, inaendelea. Nikainua mfuniko, harufu ya plastiki ya kuungua ikanipiga usoni. Nikachomoa waya ukutani. Nikagusa katriji nyeusi, nikarudisha mkono haraka, ni ya moto kweli. Ikipumzika saa nzima inatoa kurasa tano safi, halafu yale yale.

Nikairudisha dukani. Jibu: "Ni umeme wa kwenu." Umeme huohuo unaendesha friji na runinga miaka yote na hakuna kilichoungua! Wakanisukumia kwa fundi wao mlango wa pili. Hakuitoa hata katriji. Alichungulia tu, akasema hedi, yaani kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi, imeungua, kipuri na ufundi 90,000.

Usiku nikazitoa mwenyewe, nikaziweka chini ya taa. Lebo ya katriji nyeusi imenyanyuka pembeni, kama stika iliyobanduliwa ikarudishwa. Nikaivuta. Chini yake kuna tundu la sindano limezibwa kwa kipande cha selotepu. Wino umevujia ubavuni ukashuka hadi kwenye vile vidoti vya shaba vinavyopitisha umeme kati ya katriji na printa, ukagandia hapo. Nikabandua na ya rangi: matundu matatu, moja kwa kila rangi.

Sasa sikilizeni. Printa za aina hii zinafanya kazi kwa joto. Chini ya katriji kuna vipasha joto vidogo mno, vinachemsha wino kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kinatokea kiputo, kiputo kinasukuma tone kwenye karatasi. Wino huohuo ndio unaoondoa joto pale. Katriji ikijazwa ovyo, hewa inabaki kwenye sponji, wino haushuki inavyotakiwa, vipasha vinachemka vikavu. Ongeza wino uliovujia kwenye shaba, umeme unapita pasipo njia yake. Ndiyo moto wenyewe huo.

Na hiyo hedi ya 90,000? Kwenye printa hii hedi imo kwenye katriji yenyewe! Ukinunua katriji mpya umenunua na hedi. Fundi anayekaa na mashine hizi kutwa nzima anajua hilo. Alitaka kunila mchana kweupe.

Nikaenda duka lingine, nikanunua katriji nyeusi kwa 40,000, imefungwa kwenye pakiti yake. Nikabandua mwenyewe ule utepe wa plastiki unaofunika vitundu na shaba. Utepe huo sikuwahi kuuona kwa yule wa kwanza, maana kila kitu kilifanyika chumba cha nyuma. Nikafuta vidoti vya kwenye printa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaacha vikauke kabisa. Nakala zote zilizobaki zimetoka, na katriji ni vuguvugu tu.

Nikarudi dukani na zile mbovu. Muuzaji ananiambia, bila hata kuniangalia: "Risiti inasema printa, haisemi katriji." Kwa hiyo katriji halisi za kwenye boksi langu ziko wapi? Nilizilipia!

Nataka katriji zangu mbili halisi na 40,000 yangu. Zile mbovu nimezifunga kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti, Jumatatu nazipeleka Tume ya Ushindani. Kama nawe ulifungiwa katriji dukani, zitoe leo, uangalie kama lebo imebanduliwa ikarudishwa. Ukikuta tundu limezibwa kwa selotepu, piga picha uweke hapa, nitaziambatanisha na malalamiko yangu.