Nina miaka 40 na ajira ya serikali: niache kazi niandike riwaya ya kihistoria?

Mzee_wa_Daftari: Wakuu, habari zenu. Niko halmashauri, nina watoto watatu. Tangu nisome habari za Eryue He, yule Mchina wa riwaya za wafalme wa Qing, ukoo uliotawala China (Kangxi, Yongzheng, Qianlong), usingizi umenipaa. Jamaa alikuwa akirudia madarasa, sekondari kamaliza na miaka 21, akaenda jeshini. Juzuu ya kwanza ikatoka 1985, ana miaka 40. Umri wangu huu huu! Nataka kuandika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wife anasema nimechanganyikiwa. Niache kazi?

Bwana_Kurasa: Umesoma nusu, mkuu. Huyo hakuacha kazi. Alikuwa mtumishi idara ya uenezi ya Chama cha Kikomunisti kule Nanyang, jimbo la Henan. Mchana ofisini, usiku kalamu. Majira ya joto anatumbukiza miguu kwenye ndoo ya maji, joto huku, mbu huku. Akisinzia anajichoma mkono kwa sigara. Juzuu 13 zilipatikana hivyo.

mama_wawili: Hiyo ya sigara usiige. Kisukari kilimsumbua miaka mingi, kafariki Desemba 2018 na miaka 73. Shemeji yuko sahihi, msikilize.

Nyaraka_Kwanza: Mimi nauliza, umeshachimba kiasi gani? Mwenzio kabla ya Kangxi alikuwa mchambuzi wa Hongloumeng, riwaya ya enzi hiyo hiyo ya Qing. Nguo, vyakula, adabu za wakubwa, vyote alishavijua. Kwenye mkutano wa wachambuzi wenzake 1982 watu wakalalamika kwamba Kangxi hana riwaya ya maana, akasema ataandika yeye. Hakuanzia sifuri. Na kubuni alibuni: Wu Ciyou, mwalimu wa Kangxi kitabuni, kwenye historia hayupo.

Kibatari: Msome na Yao Xueyin, naye wa Henan. Riwaya yake ya Li Zicheng, yule kiongozi wa waasi wa China, aliianza 1957, kipindi ambacho chama kilishambandika jina la mrengo wa kulia. Juzuu ya pili ikapata Tuzo ya Mao Dun, tuzo kubwa ya riwaya kule China, 1982, lakini mbili za mwisho zilitoka 1999 yeye keshafariki. Kwa hiyo sura ya mwisho iandike mapema, mkuu, hata kama ni rasimu mbovu.

Mzee_wa_Daftari: Nimewaelewa, barua ya kuacha kazi siandiki. Mabibi na mababu wa Pangani nimeanza kuwahoji, ila upande wa Wajerumani sina kitu. Nyaraka za Taifa pale Dar, mtu asiye mwanafunzi wala mtafiti anaingiaje?