Sodiamu iko km 90 juu, nani kaipeleka na leza inaionaje?

Mdadisi wa Bara: Wakuu habari za jioni. Nimeona picha ya darubini kubwa ya Paranal kule Chile inarusha miale minne ya njano angani, maelezo yanasema inagonga tabaka la sodiamu lililoko kama km 90 juu. Sasa sodiamu ninayoijua mimi ni ile ya maabara ya shule inayotunzwa kwenye mafuta ya taa, ikigusa maji tu ni balaa, huko juu imefikaje? Na aliyeko chini anajuaje ni sodiamu na sio vumbi tu? Wajuzi shusheni darasa ila kwa lugha ya kawaida jamani.

Kimondo Mzee: Mkuu hiyo inaletwa na vimondo. Kila siku vinaingia vijivumbi vidogo mno kutoka anga za mbali, vinakuja kwa kasi ya km 11 kwa sekunde na zaidi, vikikutana na hewa vinapata moto vinageuka mvuke, na huo mvuke ndo unaacha atomu za sodiamu, chuma, potasiamu, kalisiamu na nyinginezo. Atomu zinabaki kati ya km 80 na 105 hivi. Zikiwa juu zaidi zinapoteza elektroni, zikishuka chini zinashikana na oksijeni na vitu vingine zinaishia kuwa kama moshi, kwahiyo panabaki huo mkanda katikati tu.

Fundi Leza: Naongezea. Pale Paranal hawapimi sodiamu, wanaitumia kutengeneza nyota ya bandia ili darubini irekebishe mtikisiko wa picha unaoletwa na hewa. Kupima ni kazi ya laida, ambayo inarusha mwanga kwa mapigo mafupi halafu darubini inahesabu mwanga unaorudi. Mwanga kwenda km 90 na kurudi ni kama milisekunde 0.6, kwahiyo ukijua muda umejua umbali, na ule uliogonga hewa ya chini unakuwa ulisharudi kitambo.
Sasa utajuaje ni sodiamu, leza inatuniwa kwenye nanomita 589, njano ileile ya taa za zamani za barabarani. Atomu ya sodiamu inaumeza mwanga huo na kuutema, ila vumbi linarudisha rangi yoyote. Sogeza leza pembeni kidogo tu ya hiyo rangi, ile alama ya km 90 inapotea yote. Ushahidi gani tena unautaka? Waingereza walifanya hivi 1969, Brazil wakaanza 1972. Chuma kipo kingi kuliko sodiamu lakini sodiamu inaitikia leza kwa nguvu zaidi ndo maana wengi walianzia hapo.

Mama Abdul: Sawa nimeelewa, ila hela yote hiyo ya nini, kuhesabu chumvi ya mbinguni?

Fundi Leza: 😂 Dada, shida ni kwamba huko hakufikiki. Baluni zinaishia km 40 hivi, setilaiti ikishuka hapo inaanguka, roketi inapita dakika chache tu basi. Sasa hizo atomu zikiwa na joto zinatikisika zaidi na rangi inayomezwa inatanuka, upepo nao unaisogeza, kwahiyo kwa leza hiyohiyo unapata joto na upepo wa sehemu ambayo ni ya baridi kuliko zote kwenye angahewa, na cha ajabu juu ya ncha za dunia inapoa zaidi kipindi cha kiangazi. Kule McMurdo, Antaktika, 2011 walikuta chuma hadi km 155, hakuna aliyekitegemea huko. Na Februari 2025 Wajerumani wakanasa lithiamu karibu na km 96 kutoka kwenye kipande cha roketi ya Falcon 9 kilichokuwa kinaungua kurudi duniani, mimi hiyo ndo inanitia wasiwasi maana setilaiti zinazoungua zinazidi kila mwaka.

Mdadisi wa Bara: Shukrani sana wakuu. Na mchana je, jua haliwaharibii?

Kimondo Mzee: Linasumbua ila inawezekana, wanaweka chujio linalopitisha ile rangi moja tu. Usiku ndo raha yake.