Naomba ushauri: matokeo yetu na madeni ya ada yameanikwa kwenye grupu

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Ofisi ya idara ilimpa CR wetu (mwakilishi wa darasa) faili la matokeo ya semesta, naye akalimwaga zima zima kwenye grupu la WhatsApp. Jina kamili, namba ya usajili, alama za kila somo, nani ana sapu (mtihani wa kurudia), nani kadisko (kaondolewa masomoni), na safu ya mwisho kabisa, deni la ada. Limeshafika hadi kwa shangazi yangu Morogoro!

Sapu yangu hainisumbui. Kuna dada darasani deni lake limegeuzwa kichekesho, haonekani tena vipindini.

Nikiuliza naambiwa "mbona zamani tulibandika ubaoni", kana kwamba ubao unafowadiwa.

Najua ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Je, nianze na barua kwa mkuu wa idara, au niende Tume moja kwa moja? Picha za skrini zinatosha kama ushahidi? Na mliowahi kulalamika, hamkufanyiwa visa kwenye mitihani?