Tupeane uzoefu: jioni ya vikaragosi na chakula cha melini pale Saigon

korosho_ghafi
Wakuu, habari za humu. Leo nilikuwa na mnunuzi kutoka Binh Phuoc, Vietnam, amekuja Mtwara kukagua mzigo, tukiwa tunasubiri lori akanionyesha video kwenye simu yake: joka la mbao linaogelea kwenye bwawa huku linatema cheche. Nikajikuta nacheka peke yangu. Aliyewahi kufika Saigon kwa korosho, kwa kazi za simu au kwa shule anaijua ile ziara. Jioni gari linawafuata hotelini, mnapelekwa kuona vikaragosi vya juu ya maji, mkitoka hapo mnapandishwa meli mnakula huku inazunguka mtoni.

Mimi walinikalisha mstari wa mbele kabisa. Wenyeji wamejibanza nyuma, nikadhani wametuachia wageni kwa heshima. Majoka yalipoanza kupigana, maji yote yalikuja kwangu. Nimepanda meli shati limenigandia mwilini, kiyoyozi kinapuliza. Mwageni yenu.

pweza mkavu
Mbele huwa wanakaa watoto na wasioambiwa. Pole sana 😂

Nyamwaya
Mazee, hii nimeisomea kwa matatu na watu wananiangalia. Sisi tulipelekwa na kazi. Show nzima huoni mtu, ni maji ya kijani na pazia la mianzi, halafu vijitu vya mbao vinapanda mpunga, vinavua samaki, vinashindana mbio za mashua. Jamaa tulienda naye, injinia mzima, aliapa ni rimoti. Ati kuna mota chini. Akaanza hata kutuchorea kwa tishu vile saketi imepangwa. Mwisho pazia likainuliwa, watu wazima wakatokea wamesimama kwa maji hadi kiunoni wakipunga mikono. Hiyo tishu alikunja akaweka mfukoni. Hatujawahi kuongea hiyo story tena.

Mama Tausi
Mimi sikupenda. Sanamu zinatembea juu ya maji bila mkono wa mtu, ngoma zinalia, moshi. Niliyoyaona yanatosha, nilifumba macho nikasali hadi mwisho.

pweza mkavu
Dada, si umeambiwa watu wako nyuma ya pazia? Ni miti mirefu inapita chini ya maji, na nyuzi.

Mama Tausi
Nimesema nilichohisi. Na mimi si dada yako, nina wajukuu.

pweza mkavu
Shikamoo bibi.

MzeeWaBusara88
Tatizo la vijana mnaona kitu mnachekelea bila kujua mlichokiona. Ule ni mchezo wa wakulima wa kaskazini, delta ya Mto Mwekundu. Mashamba ya mpunga yakijaa maji, jukwaa lao lilikuwa bwawa la kijiji. Kuna jiwe la maandishi kwenye hekalu la mlima Doi, uliokuwa mkoa wa Ha Nam, la mwaka 1121, linaeleza mchezo huo ukichezwa mbele ya mfalme. Yaani zaidi ya miaka 900. Vikaragosi vinachongwa kwa mti wa jamii ya mkuyu, mwepesi, unaelea, kisha vinapakwa tabaka kwa tabaka za utomvu ili maji yasiingie. Kila kijiji kilikuwa na chama chake na siri zake za kuchezesha, mgeni haambiwi. Yule kitoto mnene anayefungua onyesho kwa kucheka anaitwa Teu, ndiye mshereheshaji.

Kwa hiyo mtu akija hapa kunisimulia habari za Saigon, namwambia ameona nakala. Nenda Hanoi, ukumbi wa Thang Long, kando ya ziwa Hoan Kiem, kundi lao lipo tangu 1969. Au nenda kijijini Dao Thuc uone bwawa lenyewe. Halafu Saigon haipo. Tangu 1976 ni Ho Chi Minh City.

korosho_ghafi
Mzee, wenyeji wenyewe wanasema Saigon. Mnunuzi wangu kasema Saigon leo asubuhi.

Kaka_Kisu
Mzee 88 kila mada lazima atusahihishe. Wewe umefika Hanoi?

MzeeWaBusara88
Nimefika. Nilikuwa huko kwa mafunzo wakati wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Na Hanoi ndiyo utaielewa ile sehemu ya kobe anayeibuka kumdai mfalme Le Loi upanga, maana ziwa la hadithi hiyo liko hapo hapo nje ya mlango.

Kaka_Kisu
Sawa, ila meli ya msosi niliikuta Saigon. Mimi nilienda kula.

mpemba_wa_muscat
Assalaam alaykum. Tuje kwenye kula basi, maana hapo ndipo nilipopata mtihani. Wakala alituandikia kwamba hatutoletewa nguruwe. Tumeketi, kinakuja chakula cha kwanza, nyama. Namwuliza kijana hii nini, anatabasamu. Namwuliza mara ya pili, anatabasamu zaidi, ananimiminia chai. Nilikula wali mtupu na mapapai nikiangalia taa za mji. Meli nzuri, sikatai. Unaliona lile jengo la Landmark 81, mita 461, linawaka juu hadi chini, na ile gati ya Nha Rong alikopandia meli Ho Chi Minh mwaka 1911 kwenda Ufaransa. Lakini tumbo halishibi taa.

Kwa ndugu Waislamu: kuna msikiti wa katikati ya mji, mtaa wa Dong Du, umejengwa 1935 na Wahindi wa kusini. Jirani na hapo mna mikahawa ya halali. Kuleni huko kwanza, melini mwende mkatembee tu.

Nyamwaya
Na hakuna mtu amesema juu ya gugumaji! Mimi nimezaliwa Kisumu. Nimelipa pesa zangu kuenda mbali hivyo, naangalia chini ya meli naona gugumaji zinapita kwa makundi kwa ule mto. Nilijihisi nyumbani vibaya sana.

mkwe_mtiifu
Ngoja niwasimulie yangu, ingawa mwenyewe akijua nimeileta humu nitalala nje.

Mke wangu alikuwa anafundisha Kiingereza pale Saigon, mimi nikamfuata. Tukapata mtoto kule kule. Alipotakiwa kurudi kazini, mama yake akaja kutoka Same kumshika mjukuu. Bimkubwa hajui Kiingereza, na siku zote ni nepi na chupa za maziwa, nje haoni. Sasa walimu wenzake mke wangu wakatuzawadia hiyo jioni, vikaragosi na meli, kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Watu wawili. Siku ikafika, mtoto akapandwa na homa. Mke akasema hela hairudishwi, nenda na mama.

Nikamwambia, wewe, nitakaaje na mama usiku, mezani, wawili? Akanijibu kwa kunipa koti la mama yake nilishike.

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Kimya, macho mbele, mimi nimeacha kiti kimoja katikati kwa heshima hadi mwenye tiketi yake akaja kukaa. Ikaja ile sehemu ya mkulima na bata. Bata wa mbao wamejipanga wanaogelea, mbweha anawanyemelea kutoka pembeni. Sasa kumbukeni bimkubwa ni mfugaji. Mbweha alipomkwapua bata na kupanda naye mtini, mama kasimama, kanga imedondoka, kidole mbele: "Kicheche! Kicheche huyo! Mpigeni!"

Ukumbi mzima umegeuka. Yule anayepiga zeze la uzi mmoja kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Wakulima wa mbao wakaanza kumkimbiza mbweha, mama akakaa, akamvuka yule mgeni wa katikati na kuniambia, "Walikuwa hawajamwona."

Meli ndiyo ilikuwa balaa. Bosi kaingia, narudi.

Kaka_Kisu
WEWE RUDI HAPA.

pweza mkavu
Arosto ya hivi ni dhambi.

Wekesa_wa_Bungoma
Mimi nimeshindwa kuendelea kusoma. Kwetu Waluhya hata kupeana mkono na mama mkwe ni shida, akija njia hii wewe unashika ile. Sasa kukaa naye kwa meli? Hakuna pa kutorokea isipokuwa kwa maji.

Mama Tausi
Mila mila. Mama mkwe ni mama. Amevuka bahari kulea mtoto wenu halafu mnataka afungiwe ndani?

Wekesa_wa_Bungoma
Mama, sijasema afungiwe. Nimesema huyo jamaa angebaki na mtoto, waende mama na binti yake.

Mama Tausi
Mtoto ana homa, ananyonya, baba atamnyonyesha nini?

MzeeWaBusara88
Turudi kwenye mada. Sijamalizia kuhusu fataki zinazowashwa ndani ya

Kaka_Kisu
Mzee subiri kidogo mkwe anakuja.

mkwe_mtiifu
Nimerudi. Tunafika gatini, meli zimejipanga zimewaka kila rangi, moja ina kichwa cha samaki. Mhudumu anaangalia jina langu kwenye orodha, anatabasamu, anatupandisha juu kabisa, pembeni. Meza ya watu wawili. Mshumaa. Maua ya waridi yamechambuliwa yakatandazwa mezani kwa umbo la kopa.

Walimu wale walikuwa wamelipia meza ya wapendanao.

Nikaomba tuhamishwe. Chini kumejaa, kampuni fulani wana sherehe yao, wanagonganisha glasi na kupiga kelele. Narudi mezani nakuta mama kashayazoa yale maua yote kayafunga kwenye leso, anasema atayatia kwenye maji ya kumwogeshea mtoto. Mshumaa kauzima, eti moto karibu na kitambaa si akili. Nikapumua. Nikasema Mungu yupo.

Wakaja wapiga muziki, gitaa na fidla, wakasimama nyuma ya kiti chake wakaanza ule wimbo taratibu wa kubembeleza. Mama ananiuliza, "Hawa wanataka nini?" Nikamwambia ni mila ya huku kuwaimbia watu wazima. Akafurahi. Akafungua pochi akawapa noti ya bluu. Wanaojua wanajua: ya dong 20,000, hela ya kule, ni bluu na ya 500,000 ni bluu. Ilikuwa ile kubwa. Hawakuondoka tena. Tumekula supu wanapiga, kamba wanapiga, samaki wanapiga, meli imegeuka wanapiga.

Ikaja keki. Imeandikwa jina langu na la mke wangu. Mama kusoma anajua. "Mbona wameandika jina la mwanangu?" Nikamwambia tumpelekee, ana mgonjwa wake nyumbani. Akaagiza ifungwe.

Mpigapicha alishatupiga kitambo, sikumwona. Tunashuka, picha zimesafishwa zimepangwa kwenye meza, yetu iko kwenye fremu ya kopa mbili, mimi natoka jasho, mama anacheka meno yote. Nikainunua haraka niitupe mtoni. Akaninyang'anya. Sasa hivi iko sebuleni Same, juu ya kabati la vyombo, na mchungaji akija anaonyeshwa.

Kaka_Kisu
Nimelia. Nimelia kweli.

Wekesa_wa_Bungoma
Hiyo picha ichomwe. Mbuzi achinjwe.

Mama Tausi
Nyie watoto hamna akili. Huyo mama amefurahi kuliko wote waliopanda hiyo meli. Mungu ampe maisha marefu.

mpemba_wa_muscat
Nami nilitoa noti ile ile ya bluu, kwa dereva wa pikipiki. Alikimbia hata hakuvaa kofia. Dola moja ni zaidi ya dong 25,000, kwa hiyo 20,000 haifiki hata dola, na ile nyingine ni karibu dola 20. Zitenganisheni mifuko.

pweza mkavu
Ushauri wangu: usibebe hela kabisa, mbebe mama mkwe.

Dereva wa Usiku
Samahanini nimechelewa. Kuna ninayetaka kumpeleka. Viza kwa Mtanzania inakuwaje? Na msimu gani mzuri?

Nyamwaya
Evisa unaomba kwa mtandao, tangu Agosti 2023 wamefungulia nchi zote, siku 90. Enda Disemba mpaka Machi, hakuna mvua.

korosho_ghafi
Nenda wakati wa mvua, bei hushuka. Mvua yenyewe ni ya alasiri, inapiga kwa nguvu inakatika. Tatizo ni pikipiki, zinapanda hadi njia ya waenda kwa miguu. Kuvuka barabara tembea taratibu usisimame, wao ndio watakukwepa.

Kaka_Kisu
Usivuke. Panda taksi hata kama ni ng'ambo.

MzeeWaBusara88
Nenda Hanoi.

Dereva wa Usiku
Asanteni. Mkwe, mtoto alipona?

mkwe_mtiifu
Yalikuwa meno tu. Tumerudi usiku tukamkuta anacheza, mama yake kalala fofofo, keki tukala mimi na bimkubwa jikoni.

Wekesa_wa_Bungoma
Mbuzi wawili.